Mgeni wa Miche ya Limau

Mwanzoni mwa miaka ya sabini, nikisomea unesi, nilipanga chumba huko ng'ambo, mtaa wa Winson Green, kwa mama mmoja Mhindi aliyezaliwa Kisumu. Jikoni tuliongea Kiswahili. Dirishani aliweka fahari yake, mche wa majani ya mchuzi aliotoka kuletewa na kaka yake kutoka Bombay.

Asubuhi moja akanipigia kelele. "Nesi! Nani ameingiza ndege hapa? Ona, amenyea mti yangu!"

Nikainama kutazama. Kinyesi kile kilikuwa kinatafuna.

"Mama, huyu ni kiwavi. Anajifanya kinyesi ili ndege wasimle."

"Mimi si ndege. Natupa nje."

Nje kulikuwa na baridi ya kuuma, asingefika jioni. Nikamweleza kwamba huko Bara Hindi kipepeo wa aina hii hutaga yai mojamoja kwenye majani machanga ya milimau, na mti wa majani ya mchuzi ni ndugu wa mlimau. Yai lilisafiri na kaka yake bila tiketi. Nami chumbani nilikuwa na miche ya limau, niliyoiotesha kwenye kopo la maziwa.

"Akikataa limau?"

"Utamtupa."

Tulimhamisha kwa kijiko. Kutwa nzima hakugusa kitu. Mama alikuwa akipita na ufagio: "Bado anafunga?" Jioni akauma ukingo wa jani, nami nikapiga vigelegele peke yangu.

Akala, akavua ngozi, akawa wa kijani. Mama alipomgusa, alichomoza pembe mbili nyekundu zenye harufu kali.

"Ai! Ananitolea pembe ndani ya nyumba yangu!" Tangu hapo alimwamkia kila asubuhi.

Miche yangu ilipobaki vijiti, kiwavi alijifunga kiunoni kwa uzi mwembamba, akavua ngozi tena, akabaki kama jani lililokunjwa, ndani akigeuka kipepeo. Nikamsihi mama asimsaidie kutoka, maana mabawa yangeharibika.

"Atavunja mlango mwenyewe?"

"Mwenyewe."

Kipepeo alitoka wakati mama anakaanga: mweusi, mabawa yamejikunja kama nguo iliyokamuliwa. Akaning'inia, yakajaa taratibu, yakaonyesha mstari wa madoa meupe. Mama, ambaye kila akikaanga hufungua dirisha majirani wasinung'unike, alizima gesi na kulifunga.

Usiku tulikula mkate na jemu. Mumewe, aliyerudi kutoka kazini akitegemea mchuzi, akauliza kulikoni.

"Kuna mgeni," mama akajibu. "Moshi ya mafuta hapendi."