Mzee Wahome Anajifunza Kukataa kwa Kifaransa

Jirani yangu Kagure alinikuta naanika nepi, akaniambia kwa sauti ya chini ati Mzee Wahome ameharibika kichwa. Amemsikia kwa masikio yake akizungumza na ng'ombe kupitia pua. Si Kikuyu, si Kiswahili, wala si Kiingereza. Tena si kuzungumza tu, alikuwa anambishia.

"Na ng'ombe amenyamaza," Kagure akasema, "kama mtu anayejua anaongea na mgonjwa."

Nilicheka, lakini jioni nilimfunga Gathoni mgongoni nikateremka kwa mzee. Hapa Giakanja hakuna asiyemjua Mzee Wahome. Ni mjane, ana ng'ombe mmoja wa gredi na binti mmoja, Watiri, ambaye ni nesi Nairobi. Lakini jina lake halikutoka kwa maziwa. Lilitoka kwa kukataa. Nyumba yoyote yenye msichana wa kuolewa ilimwita siku ya mahari aseme kwa niaba yao, kwa sababu hakuna aliyewakatalia wakwe kwa utamu kama yeye. Wageni wakisema wameona ua zuri katika boma hili, yeye anawaambia hapa hakuna ua, kuna viazi tu. Wakisema wamechoka na njia, anawaambia njia ya kurudi ni ile ile. Wageni wanacheka, wanaongeza, wanakataliwa tena, na mwishowe wote wanakula. Kwetu mtu akikubaliwa mara moja anaenda nyumbani na wasiwasi, anajiuliza msichana ana kasoro gani.

Nilimkuta ameketi kwenye kigoda cha kukamulia, kitabu magotini. Akanieleza bila haya. Watiri amepata mchumba, daktari wa mifugo kutoka Zaire. Wajomba wa kijana watakuja Jumamosi moja tu kuomba, halafu warudi kwao na ndege. Hawana Kiswahili, wana Kifaransa na lugha yao. Watiri alitaka kukodi mkalimani. Mzee alikataa, na hapo ndipo alipojifunga mwenyewe.

"Nimekatalia binti za watu miaka yote hii," akasema. "Wangu nimkatalie kwa mdomo wa kukodi? Hapana. Niko na kitabu."

Kitabu kilikuwa cha Watiri, na matamshi ya puani alifundishwa na yeye, aliyefundishwa na mchumba. Kuanzia jioni hiyo nikawa namshikia kitabu ninaponyonyesha. Mimi niliishia darasa la saba, Kifaransa sikuwahi kukiona. Pale palipoandikwa *je mange* nilisoma kama naulizwa swali, nikaona hawa watu hawajiamini kabisa, kila mmoja anaanza kwa kujiuliza kama anakula. Mzee akanirekebisha kwa ukali. *Je* ni mimi. *Je mange*, nakula. *Tu manges*, unakula. Ile s ya mwisho inaandikwa lakini haisemwi. Nilimuuliza basi wanaiandika ya nini. Akafikiri, akasema labda ni ya heshima.

Kukataa ndiko alikokupenda. Sisi tunasema sili, huli, hali, neno moja limekwisha. Wao wanaweka *ne* mbele ya kitendo na *pas* nyuma yake. Mzee alielewa mara moja, akanionyesha kwa ng'ombe: kichwa kimefungwa kwa mti, miguu ya nyuma kwa kamba, katikati anakamuliwa salama.

"Hapo hakuna kitendo kinaweza kutoroka," akasema.

Basi akakataa kila kitu kilichokuwa mbele yake. Ng'ombe akitafuna majani ya nepia, mzee anamwambia *tu ne manges pas*. Mvua ikimnyeshea kichwani, *il ne pleut pas*. Gathoni akilia, anamwinamia kwa upole, *tu ne pleures pas*, na mtoto ananyamaza kwa mshangao. Kurasa za kukubali alizipita. Alisema kukubali hakuhitaji masomo, mtu akikubali anakunywa chai tu.

Jumamosi ikafika. Gari liliteremka polepole kwa ile njia ya matope, wakashuka wanaume watatu wa heshima, wamevaa suti za kola pana, na mkubwa wao akiitwa Mzee Bokungu. Mchumba hakuwapo, alibaki Nairobi kama desturi inavyotaka. Watiri alikuwa jikoni na mimi, haruhusiwi kuonekana mpaka aitwe. Nilipoingia kuandaa vikombe, Mzee Bokungu alikuwa amesimama anasema maneno marefu, laini, mkono kifuani.

Mzee Wahome akamsikiliza mpaka mwisho. Akasimama, akavuta koti.

"*Je n'ai pas de fille*," akasema. Sina binti.

Wageni wakatazamana. Mzee Bokungu akasema kitu kingine, kwa sauti ya kuuliza.

"*Nous ne donnons pas*." Hatutoi.

Nilikuwa sijawahi kumsikia akikataa vizuri namna ile. Pua ilifanya kazi, kila kitendo kilifungwa mbele na nyuma. Mgeni alijaribu tena, polepole sana, kama anayemsemesha mtoto. Mzee akampa la mwisho, huku akitabasamu kwa mapenzi yote: *Nous ne parlons pas*. Hatuzungumzi.

Wageni wakainuka. Wakatushika mikono sote, hata Gathoni, wakatoka nje.

Mzee akaketi, akapangusa jasho, amefurahi kama bwana arusi. Akaniambia hawa ni watu wanaojua kazi, wameenda nje kushauriana waongeze. Akaniambia nisimimine chai bado, wasije wakadhani tumelainika.

Ndipo tukasikia injini.

Watiri alitoka jikoni mwiko mkononi, akasimama katikati ya chumba. Hakulia kwa sauti. "Baba, hao wanaenda kupanda ndege," akasema. "Wamedhani umekataa."

"Lakini nimekataa," mzee akasema. "Watarudije kama sijawakataa?"

Watiri hangeweza kutoka, bibi arusi hakimbilii wakwe barabarani. Mzee akachungulia dirishani. Magurudumu yalikuwa yanazunguka kwenye matope, wale wawili wadogo wanasukuma, na Mzee Bokungu amesimama kando na suti yake safi. Mzee Wahome akafungua mdomo, akatafuta neno la kuwaita, na kwenye kichwa chake chote hakukuwa na moja lisilofungwa.

Akanigeukia. Mikono yake ilikuwa tayari imenyooka.

"Mama Gathoni, mwanangu, niazime mtoto. Nimweke mikononi mwa yule mkubwa wao halafu nikimbie nirudi ndani. Mtu hawezi kupanda ndege na mtoto wa wenyewe, lazima amrudishe hapa. Na wewe mimina chai sasa."