Pampu ya Gari la Wagonjwa

Siku ya kwanza nilipoingia karakana ile ya Matrah, mwaka 1966, mkuu wa karakana alinipa kitambaa, akaniambia nisafishe vyombo vyote vya kazi kabla sijagusa gari. Nlikuwa nimetoka Unguja miaka miwili nyuma, na huko nlikuwa fundi kamili. Nilisafisha kimya kimya, lakini moyoni niliona nimedharauliwa.

Mkuu alikuwa mtu wa Sur, kazi kaisomea Bahrain. Hakuwa na maneno mengi, na yote kwa Kiarabu.

Mwaka wangu wa tatu tuliletewa gari la wagonjwa lililokuwa likishindwa kupanda majabali. Tukalitia injini ya nguvu, silinda sita na kabureta mbili. Kabureta ndiyo inayochanganya petroli na hewa. Injini kama ile hunywa sana, basi swali likawa pampu inayoivuta petroli kutoka kwenye tangi. Ile iliyokuja na injini ilifungwa ubavuni mwake, kwenye joto. Ghalani tulikuwa na nyingine kubwa, ya umeme, ambayo hufungwa nyuma karibu na tangi.

Mkuu aliniachia niamue. Asubuhi, injini ikiwa baridi, nilifungua paipu nikakinga petroli kwenye chupa. Ikajaa upesi. Nikamwambia pampu ile ya ubavuni yatosha.

"Umeipima ikipanda jabali, mchana?" aliniuliza.

Nilimjibu kuwa chupa imejaa. Hakunibishia. Ukweli ni kuwa sikutaka kufundishwa kazi tena.

Siku chache baadaye tuliitwa kijiji cha Yiti, ng'ambo ya majabali. Mwanamke mmoja, Zuwena, alikuwa na uchungu tangu jana yake na mtoto hatoki. Nilikwenda pamoja na dereva, Nasor, niitazame injini. Tulirudi adhuhuri, Zuwena amelala nyuma, mama yake kamshika mkono. Kwenye mpando mkali injini ikakohoa, ikazima.

Nilifungua boneti nikajua papo hapo. Petroli ilikuwa ikichemka ndani ya pampu, nayo ikivuta mvuke mtupu. Niliimwagia maji, tukasogea hatua chache, ikazima tena. Nyuma Zuwena hakuwa akilia tena, na kimya kile kilinitisha kuliko vilio.

Nikachukua debe dogo la petroli, nikatia mpira ndani yake na kuuunganisha na kabureta, petroli ishuke yenyewe bila pampu. Boneti tuliivua tukaiacha njiani. Nikakaa juu ya bawa la gari, ubavuni mwa injini, debe nimelinyanyua kwa mikono miwili. Tone moja likianguka kwenye chuma cha moto, basi sote tumekwisha.

"Endesha pole pole," nilimwambia Nasor, "na usisimame hata nikikwambia."

Tulipanda hivyo mpaka juu. Mikono yangu ilikufa ganzi. Hospitali walimtoa mtoto kwa upasuaji, mtoto wa kike, na Zuwena akapona.

Nilimkuta mkuu karakana, nikamweleza kila kitu, wala sikujitetea. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akatazama viganja vyangu vilivyochubuliwa na debe, akaenda kuleta samli akanipaka mwenyewe.

"Mimi nilijua, nikanyamaza," alisema. "Kosa hili tutalibeba wawili."

Tukaifunga pampu ya umeme pamoja, jioni ile ile.

Baada ya siku arubaini mama yake Zuwena alituletea halua. Alinishukuru mbele ya watu, nami nikamwambia kuwa kosa lilikuwa langu. Alinitazama kidogo, akasema, "Nnajua, mwanangu. Nlikuona uso wako pale juu." Akanikatia halua.

Nimestaafu zamani sasa. Vijana wa mtaa wa Hail huniletea magari yao ya mbio, wakiniuliza kama wabadilishe pampu. Huwaambia wapime presha ya petroli injini ikiwa moto na ikibeba mzigo, wala wasinunue kubwa kwa fahari. Lakini kabla ya yote nnawauliza nani atakaa kiti cha nyuma. Wengi hucheka. Mimi hungoja mpaka wanijibu.