Nyusi za Redio

Kinyozi wa mtaa wetu anaitwa Redio, na hakuna aliyeitisha kikao kumpa jina hilo. Ukiketi kwenye kiti chake hujui kwa nini jirani yako hasemezani na mkewe, unainuka umenyolewa na umeelimika. Alikuwa na mashine mbili za kunyolea, moja ikichemka anachukua ya pili. Mdomo alikuwa nao mmoja tu na haukuwahi kuchemka.

Basi Redio akaokoka. Akaokoka kweli, mbele ya watu, kwa machozi na kamasi. Kesho yake asubuhi akabandika karatasi juu ya kioo, kalamu nyekundu, herufi kubwa: HAPA HATUMSEMI MTU AMBAYE HAYUPO. Na adhabu akajitungia mwenyewe: akiteleza, hali chakula cha mchana. Mwanzoni alikonda mpaka mkewe akamuuliza kama huo wokovu umekuja na minyoo.

Baadaye akaizoea sheria yake. Mteja akianza, "Umesikia ya yule mwalimu?" Redio anaelekeza wembe kwenye karatasi kama trafiki anayesimamisha lori. Mchungaji akimuuliza anaendeleaje na ulimi, anajibu, "Umekufa, Mchungaji. Na matanga tumeshaanua."

Kilichokuwa hakijafa ni nyusi. Kinyozi na mteja hawatazamani ana kwa ana, wanatazamana kwenye kioo, na kioo hakipitwi na kitu. Ukitaja mtu mbele ya kioo kile, unyusi wa kushoto wa Redio unapanda taratibu, mdomo unabetuka, anashusha pumzi, kisha anaendelea kunyoa. Hajasema kitu na umeelewa kila kitu. Wapo waliokuwa wakija kunyolewa na nywele hawana.

Siku hiyo akaketi mzee wa kanisa, yule anayesimamia ujenzi. Kanisa lilitaka mabenchi mapya, na kazi alikuwa ameahidiwa seremala, mdogo wake mke wa Redio. Huyu shemeji alikuwa mlevi wa kusimuliwa. Akaacha. Tangu aache, karakana yake ilinuka mbao na gundi tu, na mabenchi yale ndiyo yalikuwa kazi ya kwanza kubwa ambayo mtu alithubutu kumkabidhi.

"Huyu shemeji yako," mzee akasema, kichwa kimeinama chini ya mashine, "ametulia kweli? Asije akatuacha tunasali wima."

Redio alijua kabisa kwamba ametulia. Lakini karatasi ilikuwa pale juu, na shemeji hakuwepo. Akafunga mdomo kwa uaminifu mkubwa. Unyusi, kwa mazoea yake, ukapanda.

Mzee akauona. "Aa. Basi nimekuelewa."

Kazi akapewa seremala mwingine. Mzee mwenyewe ndiye aliyempelekea shemeji habari, akaongeza kwamba hata ndugu zake wana wasiwasi naye. Shemeji akaja kibandani mchana ule ule, vumbi la mbao kichwani.

"Shemeji, umemwambia nini mzee wa kanisa?"

"Mimi? Sikusema neno! Waulize hawa."

"Hilo ni kweli, hakusema," akadakia fundi viatu aliyekuwa akisubiri zamu. "Alipandisha tu."

"Alipandisha nini?"

Fundi viatu akapandisha unyusi wake, akabetua mdomo, akashusha pumzi. Kibanda kizima kikaangua kicheko. Seremala hakucheka.

"Ungenitukana ningekujibu," akamwambia Redio. "Sasa uso nitaujibu nini?" Akaenda zake.

Jioni mkewe Redio alimtengea chakula bila kumtazama. "Mchana ulikula?"

"Nilikula. Sikuvunja sheria."

"Basi wewe na sheria yako mko salama. Mdogo wangu ndiye aliyekosa kazi."

Chakula kilipoa. Asubuhi Redio hakufungua kibanda, alikwenda karakana na toba aliyoipanga usiku kucha. "Shemeji, nafunga wiki nzima. Na nitakunyoa bure mpaka uingie kaburini."

"Wiki ya njaa yako itanirudishia benchi gani?"

"Nifanye nini basi?"

"Hakuna. Nimeshakusamehe tangu jana, njiani."

"Mbona upesi hivyo?"

Seremala akaweka randa chini. "Jana nilisimama mlangoni kwa mama muuza pombe. Mkono umeshashika pazia. Kwamba ulevi ni dhambi, nalijua hilo tangu utotoni, na halikuwahi kunirudisha hata hatua moja. Nikakumbuka Yesu alinichukua nikiwa nanuka, kabla sijaahidi chochote. Nikashindwa kuingia. Sasa mtu aliyechukuliwa hivyo atakudai nini wewe? Shika huo ubao upande huo."

Redio akashika ubao. Alikuwa amejiandaa kwa matusi, na matusi angeyamudu vizuri zaidi.

Siku zilizofuata unyusi ulimponyoka tena. Hakujinyima kitu. Alisema tu "Bwana, nisamehe," mashine ikiunguruma, akamwambia mteja, "Usiusikilize huo uso wangu, ni mwongo," akaendelea.

Jumamosi mzee wa kanisa akaja. Alipomaliza nusu ya kichwa, Redio akazima mashine, akazunguka mbele ya kiti, akakipa kioo kisogo.

"Mzee, nataka kumsema mtu ambaye hayupo."

"Redio imerudi hewani!" fundi viatu akapiga kofi.

"Shemeji yangu hanywi. Siku ile nilijua hivyo. Nilinyamaza ili niwe msafi mimi, na uso wangu ukamchafua yeye. Kosa ni langu."

Fundi viatu akashusha mikono. Mzee akashika kitambaa shingoni.

"Mabenchi yameshaanza kuchongwa kwa mwingine."

"Najua."

"Na mimi karakana yake naipita kila siku. Sikuingia kumuuliza mwenyewe, nikaja kukuuliza wewe." Mzee akainuka na kitambaa chake.

"Mzee, upande mmoja bado!"

"Utanisubiri."

Akavuka barabara vile vile kwenda karakana ya seremala, nusu kichwa cheupe, nusu na mvi zake. Waliokuwa foleni wakajazana mlangoni.

"Wanasemaje huko, Redio?"

"Sijui. Anayefuata akae."

Hakukaa mtu. Waliwaona wawili wale wakisimama katikati ya mbao, mzee akiongea na seremala akiwa ameinamisha kichwa, kisha seremala akatoa futi kamba mfukoni. Mzee akarudi, vumbi la mbao limemjaa mpaka kwenye nyusi.

"Milango na madirisha yalikuwa hayajapata mtu," akasema akiketi. "Anaanza Jumatatu. Haya, malizia."