Matandiko ya Chatu

Baba alikuwa mcheza ngoma ya nyoka, na alipofariki aliniachia chatu jike pamoja na sanduku lake la mbao. Ndugu zangu waligombea baiskeli. Chatu hakugombewa na mtu. Mimi sichezi ngoma, lakini sikuweza kumtoa, maana alimzoea baba na mikono yake. Nilipoolewa nilikwenda naye. Mume wangu hutania kwamba alioa wawili kwa mahari ya mmoja.

Mama mkwe hakuucheka utani huo. Ni Mmoraviani wa Sikonge, amelima tumbaku maisha yake yote, na kwake nyoka ni yule yule wa bustani ya Edeni. Kila akija kwetu Tabora mjini kutibiwa macho, alizunguka nyuma ya nyumba ili asipite mbele ya chumba cha sanduku. Akizungumza na mwanawe, aliniita "huyo mwenye nyoka". Nilikuwa na shikamoo zangu, naye marahaba yake, basi. Iliniuma, sifichi. Mama yangu ametangulia siku nyingi, na nilitamani kuwe na mtu wa kuniita mwanangu.

Mwaka jana shida ilikuwa matandiko. Baba alikuwa akimtandikia mchanga, lakini mchanga ulimwingia mdomoni akila. Fundi seremala jirani akanipa maranda ya mninga bure, mekundu, ya kupendeza. Vumbi lake likamfanya chatu apumue kwa mluzi. Nikaishia kwenye magazeti ya zamani. Ni makavu, hayana harufu, yakichafuka unatupa. Kisha ukaja utitiri. Vidudu vyeusi vilijibanza chini ya magamba na pembeni mwa macho, na kila asubuhi nilimwogesha uani kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, huku mama mkwe akichambua mchele na kujifanya hatazami.

Kumbe alikuwa akitazama.

Siku moja nilirudi kutoka sokoni nikapokewa na harufu ya tumbaku. Kwetu hakuna anayevuta. Nikafungua sanduku, na chini ya magazeti nikakuta majani makavu ya tumbaku yametandazwa vizuri, moja juu ya jingine, kama yanavyowekwa kwenye viota vya kuku wanaoatamia ili utitiri usiwapande. Chatu alikuwa amelalia ubavu, mdomo wazi, shingo ikijipinda yenyewe.

Nilipandwa na hasira. Nilikuwa na maneno tayari, na hayakuwa mazuri. Nikageuka, nikamkuta mama mkwe mlangoni, mtandio umemwanguka begani.

"Kwa kuku huwa inasaidia," alisema. "Nimemuua?"

Hapo ndipo nilipoelewa alichofanya. Mwanamke asiyethubutu kupita mbele ya chumba kile alikuwa ameingia peke yake, akafunua mfuniko, akapenyeza mkono chini ya kiumbe anayemwogopa kuliko vyote. Hasira haikuisha, ila ilikosa pa kwenda.

"Bado, mama. Nishikie mkia."

Akashika. Alikuwa akisali kwa Kinyamwezi, kwa sauti ya chini, sijui akimwombea nani kati yetu. Tulimsuuza chatu, tukabadilisha maji, tukamsuuza tena, tukamlaza kivulini penye hewa. Sanduku tulilisugua kwa maji ya moto. Mchana wote hakuinua kichwa, na mama mkwe alikataa chakula. Jua lilipoanza kupoa, ulimi ulichomoza, ukaingia, ukachomoza tena. Nililia mbele ya mkwe wangu bila aibu yoyote.

"Sasa atalalia nini?" aliuliza.

Nikamwambia magazeti yameisha. Akaingia chumbani kwake, akatoka na doti ya kanga ya zamani, iliyofuliwa mpaka ikawa laini. Aliinusa kwanza, pande zote, kisha akaninusisha na mimi. Haikunukia sabuni wala tumbaku. Akaichana katikati.

"Hiki cha kwake," alisema, akakitandika sandukuni kwa mikono yake mwenyewe, akakunjua pembe moja moja.

Kipande cha pili akanizungushia mimi kiunoni.

"Simama vizuri, mwanangu," alisema, "nikufunge."