Karuho ya Shively

Nilipokuwa mtoto wa miaka kumi, pale Shively, ukingoni mwa jiji la Louisville, ughaibuni, mimi ndiye niliyesoma barua za nyumba nzima. Baba na mama walikuwa kazini ghalani. Koko, yaani bibi mzaa mama, hakujua hata herufi, na mama mdogo Noela alijua Kiingereza cha kupakia masanduku tu. Kila bahasha iliishia kwangu, nami nilizichukia bahasha zile. Wenzangu walikuwa nje wakicheza, mimi niko mezani nahangaika na maneno ambayo hata mwalimu wangu angeyakunia kichwa.

Mama mdogo alikuwa na ugonjwa wa sukari. Alimeza vidonge vyake kila asubuhi na alikuwa mzima, mcheshi, mwenye makelele. Siku moja ikaja bahasha nene ya bima ya matibabu ya serikali, fomu kurasa kwa kurasa. Nikaisukuma chini ya godoro langu. Nilipoulizwa, nikasema ni matangazo ya biashara.

Baadaye tulikwenda naye duka la dawa. Muuzaji akaniambia kadi ya bima imefungwa kwa sababu fomu haikurudishwa. Je, hatukupata barua? Nikajibu hatukupata. Kisha nikamgeukia mama mdogo nikamwambia dawa zimeisha, turudi siku nyingine. Nilimwogopa baba kuliko kifo, kwa kuwa baba nilimjua.

Vidonge vikamwishia, na mama mdogo akaanza kukonda. Alikunywa maji kutwa, ulimi ukabaki mkavu, macho yakaingia ukungu. Kwa watu wa milima ya Kivu dalili hizo zina jina, na jina lenyewe si sukari. Ni karuho, sumu ya polepole ambayo jirani anakutilia kwenye chakula huku anacheka nawe. Na aliyekula karuho hapelekwi hospitali, maana sindano ikikutana na sumu ile mwilini, mgonjwa haioni jioni.

Koko akatuketisha sote sebuleni.

"Donc, alikula kwa nani?" akauliza. "Muntu hawezi kukauka hivi bure."

Nikaona pa kujificha. "Kwa Mama Neema," nikasema. "Ugali na dagaa. Mara mbili."

Ilikuwa kweli tupu, ndiyo maana ilinifaa sana. Mama Neema alikuwa jirani yetu wa ghorofa ya chini, Mrundi aliyekulia kambini Tanzania, na Kiswahili chake kilinyooka kuliko chetu. Hilo peke yake lilitosha watu waseme anajidai. Aliimba kwaya moja na mama. Baada ya siku ile hakuna mtu aliyeketi benchi moja naye kanisani.

Koko alichemsha majani ya kutapisha. Mama mdogo akatapika siku tatu mfululizo, na kila alipotapika watu walisema inatoka, inatoka. Baba alipotaka kuita gari la wagonjwa, Koko alisimama mlangoni.

"Mukimuchoma sindano, munamuua. Mimi minasema, munanisikia?"

Siku ya nne mama mdogo alishindwa kutamka jina lake mwenyewe. Baba akamshika mkwewe mabega akamsogeza kando, jambo ambalo kwetu mkwe hathubutu kulifanya, akapiga simu. Hospitalini walimchoma sindano, wakamtundikia dripu. Saa tisa alasiri akafa.

"Sikuwaambia?" Koko alisema pale koridoni. Hakulia. Na kuanzia saa ile hakuna kanisani aliyebaki na shaka.

Mama Neema alikuja matangani na sufuria ya maharage. Mjomba aliipokea, akatoka nayo, akaimwaga kwenye nyasi mbele ya macho yake, akamrudishia ikiwa tupu. Mama Neema hakugombana naye. Alinitazama mimi.

"Mwanangu, si ulikula naye sahani moja? Mbona wewe mzima?"

Watu wote wakanigeukia. Dagaa zile zilikuwa tamu, hata leo nazikumbuka.

"Sikula," nikasema.

Mwezi haukuisha, Mama Neema na watoto wake wakahamia Columbus.

Siku hizi kazi yangu ni kuwasaidia watu wa mtaa wa Highview kujaza fomu zilezile, na sijapata kuzoea hasira ambayo fomu hizo hunitia. Ofisi ya bima inamwandikia mwanamke asiyejua kusoma, kwa lugha asiyoijua, kisha inamfungia dawa kwa kosa la kutojibu. Wanaita hiyo taratibu. Na milimani kwetu zahanati ilikuwa mwendo wa siku mbili kwa machela. Aliyefika alifika nusu maiti, akachomwa sindano, akafa. Watu waliiona sindano, wakakiona kifo. Waliowanyima zahanati hawakuwepo pale, kwa hiyo hakuna aliyewanyoshea kidole. Koko hakuwa mjinga. Alisema aliyoyaona.

Mwaka jana nilikwenda Cheektowaga, karibu na Buffalo, anakoishi Koko kwa mjomba. Nikamweleza yote: bahasha, muuzaji wa dawa, sahani ya dagaa. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani.

"Barua haiui muntu," akasema. "Muntu njo anaua muntu. Bon, usirudilie tena hayo maneno."

Nilimkasirikia njia nzima ya kurudi. Nilitaka anilaumu. Miaka yote nilikuwa nikisema ni imani yake iliyomchelewesha mama mdogo, na ni kweli, lakini imani hiyohiyo ndiyo iliyonikinga mimi. Bila karuho wangetafuta sababu nyingine, na wangeikuta chini ya godoro. Ofisi ilikosea kumpa mtoto wa miaka kumi uhai wa mtu aushike. Hilo nitalisema mbele ya yeyote. Ila ofisi haikumtaja Mama Neema. Mdomo uliomtaja ni wangu.

Nasikia huko Columbus bado wapo watu wetu wasioonja chakula chake. Kutoka kwangu ni mwendo wa saa tatu na nusu kwa gari, na namba yake ya simu ninayo. Sijaenda.