Mume Wangu na Korosho Mbichi

Mume wangu alistaafu kazi ya ofisini katika hoteli moja hapa Malindi akiwa na saa ya ukutani aliyozawadiwa, kitambi, na presha. Saa ilisimama baada ya wiki mbili. Kitambi na presha viliendelea vyema.

Nilimpeleka kliniki Kilifi. Daktari alikuwa binti wa bara, mpole, wa umri wa kitindamimba wetu. Alimpima, akamtazama kwa huruma.

"Mzee, punguza chumvi na vya kukaanga. Ukisikia njaa saa nne, badala ya viazi karai kula njugu au korosho zisizo na chumvi, kiganja kimoja. Mafuta yake yanausaidia moyo, na zinashibisha."

Mimi niliyasikia maneno yote. Mume wangu alisikia neno moja tu: kula.

Kuanzia siku ile viazi karai vilibaki palepale saa nne, na njugu zikaja juu yake, kama dawa ya kushushia. Yule mama anayekaanga njugu kwenye mchanga pale kona ya mtaa wetu, ambaye tumenunua kwake miaka yote, alianza kupitwa bila salamu. "Zile ni za kupitishia wakati," mume wangu aliniambia. "Mimi nakula za tiba." Za tiba zilitoka dukani ndani ya kopo lenye picha ya milima ya theluji. Zilikuwa lozi, na nyingine zilizokunjamana kama ubongo, ambazo kwa sababu hiyo, alinieleza, hujenga ubongo. Alizila kopo baada ya kopo. Nilingoja nione ubongo ukijengeka. Kilichojengeka ni kitambi, hata suruali ya kanisani ikawa haifungi.

Lakini mahubiri hayakukoma. Kwa kinyozi, kwenye foleni ya maji, hata matangani, alimshika mtu mkono na kumweleza habari za moyo. Kisha akaletewa ujumbe kwenye simu, ule wa kusambazwa na watu wasiojulikana: njugu zikipita motoni nguvu yote hupotea, kwa hiyo ni kuzila mbichi, toka mtini. Aliusoma kwa sauti mara tatu, kama anayesoma waraka wa askofu.

Jumamosi ile tulikuwa na safari ya kwenda Junju, kwa mavyaa wangu. Bintiye marehemu ndugu yake mume wangu alikuwa anaposwa, na mume wangu, akiwa baba mkubwa, ndiye aliyekuwa msemaji wa ukoo. Hotuba aliifanyia mazoezi wiki nzima mbele ya kioo.

Mavyaa ana mikanju, miti ya korosho, kama kumi nyuma ya nyumba. Zamani ilikuwa shamba zima, mpaka mwanawe msomi, huyuhuyu wangu, alipomshawishi kwamba korosho hazina faida, ikakatwa ikawa makaa. Ilikuwa msimu, mabibo yamewiva mekundu, kila moja na korosho yake ikining'inia chini. Wageni walikuwa bado njiani. Mume wangu akaenda mpaka kwenye mkanju, akachuma korosho, akaifuta kwa leso.

"Mama Mwalimu," aliniita, maana huniita hivyo anapotaka kunifundisha, "njoo uone chakula cha kweli."

Mavyaa alikuwa anapepeta mchele. Akainua kichwa. "Wewe! Hiyo haitiwi mdomoni na ganda lake! Itakuunguza!"

"Mama, hayo mlikuwa mkituambia watoto ili tusiwaibie korosho zenu."

Akaibana kwa meno ya mbele, akaipasua.

Mafuta ya ganda la korosho hayana adabu kwa mtu yeyote. Kwanza macho yalimtoka, na mimi kwa miaka thelathini ya ndoa sikuwahi kuyaona makubwa hivyo. Kisha akatema, akajifuta kwa leso, akaanza kuzunguka mti akijipepea mdomo kwa leso ileile, ambayo nayo ilikuwa imeshalowa mafuta. Tulimwosha kwa maji na sabuni, tukampaka mafuta ya nazi. Wageni walipobisha hodi, midomo yake ilikuwa imeumuka kama mahamri mawili.

Akajitahidi kusimama. "Kari'uni 'ageni 'etu," alisema. Herufi zote zinazohitaji midomo zilikuwa zimemkimbia. Wazee wa upande wa pili wakatazamana. Mmoja akamnong'oneza mwenzake, nikasikia: "Amepigwa?"

Hapo mavyaa akajifunga leso yake vizuri, akasimama. "Msemaji wetu ameshikwa na mdomo," alisema. "Nitasema mimi, maana yeye mwenyewe nilimfundisha mimi kusema." Akawakaribisha, akawauliza maswali ambayo mume wangu asingethubutu kuyauliza, akawachekesha, akamwita mjukuu wake ajibu mwenyewe kama anawajua watu hawa. Saa moja haikuisha, mambo yakawa yamekwisha kwa heri. Mume wangu alikaa pembeni na hotuba yake mfukoni, akinywa uji kwa mrija.

Jumatatu daktari aliitazama ile midomo iliyoanza kubambuka. "Ulikula nini, mzee?"

"Korosho," akasema, kwa sauti ndogo.

"Nilikwambia kiganja. Sikukwambia ganda."

Baada ya hapo alitii, nakubali. Mavyaa hutuletea korosho alizozichoma na kuzibangua mwenyewe, naye hula kiganja kimoja saa nne, bila chumvi, na viazi karai amewaachia wengine. Miezi mitatu baadaye presha ilikuwa imeshuka, na suruali ya kanisani inafunga. Daktari akampongeza. Mume wangu akazipokea pongezi zote peke yake, akaanza kumweleza daktari habari za moyo.

Nilicheka mpaka machozi. Daktari akanigeukia.

"Na wewe, mama, hebu kaa hapa nikupime."

Presha yangu ilikuwa juu kuliko ya mume wangu siku ya kwanza. Nilitaka kueleza kuhusu vile viazi karai alivyoniachia, jinsi isivyofaa kutupa chakula, lakini mume wangu alikuwa ameshaanza kueleza kwa niaba yangu, na safari hii midomo yake ilikuwa mizima kabisa.