Ripoti ya Saa Nne Asubuhi

Ofisini walimwita Mama Asilimia, maana ukimuuliza habari za nyumbani atakujibu, "Asilimia tisini nzuri, kumi ndiyo watoto." Alikuwa fundi wa seva katika ofisi ya maji, zile kompyuta kubwa zinazobeba kumbukumbu za wateja wote. Kila Jumatatu alikusanya takwimu za utendaji wa seva hizo, akaziandikia ripoti na kuwapelekea wakubwa.

Sasa, seva ya wateja ilikuwa imezidiwa. Ikifika saa nne asubuhi inagoma kama punda, foleni inanuna, na wahudumu wa madirishani ndio wanaobeba matusi. Mara mbili Mama Asilimia aliomba seva ya pili, mara mbili akakataliwa. Mkurugenzi alimwonyesha ripoti yake mwenyewe: wastani wa matumizi, asilimia thelathini na moja. Mashine haijachoka, unataka nyingine ya nini? Lilibaki ombi moja tu kwa mwaka ule, nalo lilikuwa la kikao cha Jumatatu.

Jumapili, siku moja kabla ya kikao, akimenya vitunguu, alimmwagia shangazi yake yote. Shangazi, nesi mstaafu asiyejua seva wala jamaa zake, alitaka kujua huo wastani unapatikanaje. Akaelezwa kwamba unachukua saa zote ishirini na nne, unajumlisha, unagawanya.

"Na usiku inafanya nini?"

"Usiku haina kazi, shangazi."

"Haya. Mgonjwa mchana anaungua na homa, usiku kapoa. Wewe unamwandikia wastani, unamruhusu aende zake. Mwanangu, ungenimalizia wodi nzima."

Mama Asilimia akaweka kisu chini. Miaka sita ya kuandika wastani huo! Akacheka mpaka machozi yakamtoka, akavisingizia vitunguu.

Kesho yake aliingia kikaoni na karatasi moja tu, matumizi ya seva saa kwa saa. Mstari ulijilaza usiku kucha, saa mbili ukajinyoosha, saa nne ukagusa dari: asilimia tisini na nane. Mkurugenzi aliigeuza karatasi huku na huku, kisha akauliza kama zile za nyuma zilikuwa za uongo.

Saini kwenye zote zilikuwa za Mama Asilimia.

"Zilikuwa kweli, bosi. Ila nilikuwa nakupimia usingizi wake pamoja na kazi yake. Kosa ni langu."

Mhasibu mkuu akaguna kwamba kumbe hata yeye akipimwa hivyo ataonekana mvivu.

"Wewe," Mkurugenzi akamwambia, "tukupime mchana tu, jibu ni lile lile."

Kikao kizima kikaangua kicheko, na kicheko hakijaisha Mkurugenzi alikuwa ameshaivuta fomu ya ombi na kutia saini. Mama Asilimia akashukuru, akatoka kwa mwendo wa mtu mzima mwenye heshima zake. Mlango ulipofungwa nyuma yake, akashika gauni kwa mkono mmoja, akazishuka ngazi mbilimbili kwenda kuwaambia wa madirishani.